Thomas Chippendale, Seremala wa Mabwana

Mwezi Desemba mwaka 2010, katika nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini London, lilinadiwa kabati moja la mbao, fupi la kimo, lenye umri wa miaka mia mbili na arobaini hivi. Lilikuwa limetiwa njumu za mbao za rangi mbalimbali na kupambwa kwa shaba iliyopakwa dhahabu. Mnunuzi alilitwaa kwa zaidi ya pauni milioni 3.7 za Kiingereza. Kabati hilo huitwa kabati la Harrington, kwa jina la ukoo wa mabwana uliokuwa ukilimiliki. Jina la fundi halikuandikwa popote juu yake, lakini wataalamu, kwa kulilinganisha na kazi nyingine zilizo na ushahidi, wamelihesabu kuwa limetoka katika karakana ya Thomas Chippendale.

Huyo Chippendale, ambaye mkono wake wathaminiwa leo kwa mamilioni, alipokuwa hai alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwaandikia mabwana barua za kuwasihi wamlipe madeni yao. Makala haya yatasimulia maisha yake, na jinsi mtu awezavyo kuwa bingwa wa kazi yake katika nchi nzima na bado akalala usiku akifikiri atawalipa nini vijana wake siku ya Jumamosi.

Kwa sisi tulio Kampala, kilima cha Kyambogo ni mahali pafaapo kumkumbuka mtu wa namna hiyo. Mafunzo ya ufundi katika nchi yetu yalianza zamani: Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa na wanafunzi 14 tu, nao walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Shule ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1928 ndiyo iliyokuja kuhamia Kyambogo, ikabadilishwa jina mara kadhaa hata ikawa chuo kikubwa cha ufundi, na mwaka 2003 ikaunganishwa na vyuo vingine viwili kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Wako askari wa jeshi na wa polisi walioshika randa na patasi kabla ya kushika bunduki, na wako wengi zaidi ambao, wakikaribia kustaafu, hufikiria kuirudia randa. Basi habari za Chippendale si habari za watu wa mbali tu.

Thomas Chippendale alizaliwa mwaka 1718 katika mji mdogo wa Otley, jimboni Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, naye akabatizwa tarehe 5 Juni mwaka huo. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bw. John Chippendale na mkewe Mary. Baba yake alikuwa seremala, na ukoo wao ulikuwa ukiishi kwa kazi ya mbao tangu zamani. Kijana huyo alikua katikati ya takataka za randa na harufu ya gundi, akajifunza kwa mkono kabla ya kujifunza kwa kalamu. Hata hivyo kalamu nayo aliijua barabara, maana alikuja kuwa mchoraji hodari, na uchoraji ndio uliomtenga na maelfu ya maseremala wengine wa siku zake.

Mwezi Mei mwaka 1748, akiwa na umri wa miaka 29, tayari alikuwa mkaaji wa London, akamwoa Bibi Catherine Redshaw. Mungu aliwajalia watoto tisa, wavulana watano na wasichana wanne. Walihama nyumba mara mbili tatu, kila mara wakisogea karibu na mitaa ya matajiri, na mwishowe, mwaka 1754, wakapanga katika mtaa wa St Martin's Lane, uliokuwa mtaa wa mafundi na wasanii. Huko Chippendale alishirikiana na Mskochi mmoja mwenye fedha, Bw. James Rannie. Mmoja alileta ujuzi, mwenziwe akaleta mtaji.

Karakana ile haikuwa kibanda cha seremala mmoja na mwanafunzi wake. Nyuma ya nyumba za barabarani kulikuwa na uwanja uliozungukwa na majengo: stoo za mbao, vyumba vya kupasulia na kubandikia, chumba cha vioo, chumba cha manyoya ya magodoro, na vyumba vya washonaji wa vitambaa vya viti. Inakadiriwa kuwa siku za neema walifanya kazi humo watu arobaini au hamsini. Mwezi Aprili mwaka 1755 moto ulizuka katika karakana, na magazeti ya London yakatangaza kwamba humo mlikuwamo makasha ya zana ya mafundi 22. Afisa yeyote aliyepata kusimamia ghala ataelewa hasara hiyo. Fundi wa siku zile alinunua zana zake mwenyewe, moja moja, kwa miaka mingi, na kasha lake ndilo lililokuwa benki yake.

Lililompa jina ni kitabu. Mwaka 1754 alichapisha kitabu kikubwa chenye michoro 160 hivi ya viti, vitanda, meza, makabati na vinginevyo, ambacho kwa lugha yetu tungekiita Kiongozi cha Bwana na Seremala wa Makabati. Watu zaidi ya 300 waliweka majina yao kabla hakijachapishwa, na miongoni mwao walikuwamo mabwana wa vyeo vikubwa pamoja na mafundi wa mikono. Kabla ya hapo hakuna seremala wa Uingereza aliyethubutu kutoa kitabu cha namna hiyo. Mwaka uliofuata kilichapishwa tena, na mwaka 1762 kikatoka kwa mara ya tatu, kikiwa na michoro 200. Mafundi wa Philadelphia na Boston, huko Marekani, walikifungua juu ya meza zao na kuiga. Hapo ndipo lilipotokea jambo la ajabu: jina la Chippendale likawa jina la mtindo. Hata leo, kiti kikiwa na mgongo wa nakshi za namna fulani huitwa cha Chippendale, ingawa kilitengenezwa na mtu asiyemjua, katika nchi ambayo yeye hakuikanyaga. Kitabu kilimletea sifa nyingi. Lakini kila aliyekinunua aliweza kutengeneza kilichomo pasipo kumlipa mwenyewe hata senti moja.

Michoro ya kitabu kile ilifuata mtindo wa mikunjo na majani, nyoka wa mbao na maua yaliyochongwa kwa patasi. Mtindo huo ukapitwa na wakati. Tangu mwaka 1748 wachimbaji walikuwa wakifukua mji wa Pompeii huko Italia, uliofunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79, nao wakakuta kuta zenye picha na nakshi za Kirumi. Mwaka 1758 mjenzi Robert Adam alirudi Uingereza kutoka Italia, kichwani mwake mkiwa na nguzo, vyungu, mashada ya maua na duara za kale, na mabwana wote wakataka nyumba zao zifanane na hekalu za Wayunani na Warumi. Chippendale wakati ule alikuwa mtu wa makamo, mwenye jina lililojengwa juu ya mtindo wa zamani. Wengine wangeshikilia walichokijua. Yeye aliurudia uanafunzi, na kwa maoni ya wajuzi wengi kazi alizozifanya baada ya hapo ndizo bora kupita zote, yaani makabati na meza za mtindo wa kale zilizotiwa njumu.

Yafaa tueleze kazi ya njumu ilivyokuwa, kwani bila kuielewa mtu hawezi kujua kwa nini kabati moja huuzwa kwa bei ya majumba kadhaa. Kwanza hujengwa sanduku lenyewe, kwa mbao za kawaida zilizokauka vizuri. Halafu mbao za thamani hupasuliwa kwa msumeno wa mkono kuwa bale nyembamba sana. Mbao hizo ni mahogani nyekundu, mbao ya manjano ing'aayo kama hariri, na nyeupe zilizotiwa rangi ya kijani au ya kijivu. Fundi huweka mchoro juu ya bale hizo na kukata kwa msumeno mwembamba kama uzi kila jani, kila ua na kila kidole cha sanamu, kisha huvipanga vipande hivyo pamoja kama fumbo, vikigusana pasipo kuachiana nafasi ya unywele. Ili jani lionekane kuwa na kivuli, kipande huchovywa ukingo wake katika mchanga uliopashwa moto mpaka kiungue kidogo tu. Kikikaa mno huwa mkaa, kikitolewa mapema hakina kivuli. Ndipo vipande hubandikwa juu ya sanduku kwa gundi ya ngozi iliyo moto, hukandamizwa, husuguliwa na kung'arishwa, na mistari ya uso na ya nguo huchorwa kwa ncha ya chuma na kujazwa rangi nyeusi.

Watu wa pwani yetu hawatashangazwa na habari hizo. Viti vya enzi vya Lamu na Unguja, vilivyotengenezwa kwa mpingo na kutiwa njumu za pembe, ni ndugu wa kazi hiyo, na mafundi wake hawakuhitaji kufundishwa na Mwingereza.

Kazi kubwa kupita zote za Chippendale ilikuwa katika jumba la Harewood, huko huko Yorkshire, si mbali sana na Otley alikozaliwa. Mwenye jumba alikuwa Bw. Edwin Lascelles. Tangu mwaka 1767 mikokoteni iliyobeba samani ilishika njia kutoka London kwenda Harewood, na fundi mmoja wa kampuni, William Reid, aliwekwa huko kwa miaka kadhaa kufunga, kutundika na kurekebisha. Inakadiriwa kwamba hesabu ya kazi yote ilipita pauni 10,000. Mwaka 1773 iliandikwa ankara ya kabati moja, kwa bei ya pauni 86. Kiasi hicho kilipita mapato ya fundi wa kawaida wa London kwa mwaka mzima. Milango ya kabati hilo ina duara mbili. Katika moja yumo Diana, ambaye Warumi walimwabudu kuwa mungu wa kike wa mawindo, na katika ya pili Minerva, mungu wao wa hekima na wa vita. Wote wawili wametengenezwa kwa vipande vya mbao na pembe, na kuzungukwa na mashada na matawi. Rangi za mbao zimefifia kwa kupigwa na mwanga. Siku lilipofikishwa lilikuwa na kijani kibichi na manjano makali ambayo macho yetu leo yangeyaona kuwa ya kelele.

Hapa hatuna budi kuuliza fedha hizo zilitoka wapi. Bw. Edwin Lascelles alizaliwa Barbados. Baba yake, Bw. Henry Lascelles, alikusanya mali yake kwa sukari, kwa kuwakopesha wenye mashamba, kwa kazi ya forodha katika kisiwa kile, na kwa biashara ya watumwa. Jumba la Harewood lilijengwa kwa mali hiyo. Wakopaji waliposhindwa kulipa, ukoo huo ulitwaa mashamba yao pamoja na watu waliokuwamo, hata ukamiliki maelfu ya watumwa katika visiwa vya Barbados, Jamaica, Grenada na Tobago. Uingereza ilipopitisha sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni yake, serikali haikuwafidia waliotumwa. Iliwafidia wenye watumwa. Mrithi wa Harewood alipewa zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277.

Mahogani nayo ina habari iyo hiyo. Mwaka 1721 bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zitokazo katika makoloni, na mahogani ya Jamaica ikaanza kumiminika London. Waliokata miti hiyo misituni, wakaiviringisha mpaka mitoni, walikuwa Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu. Bila ile mbao pana isiyo na mafundo, iliyo imara na rahisi kuchongwa, viti vyembamba vya Chippendale vingevunjika chini ya mtu wa kwanza kuvikalia. Askari aliyewahi kupita katika msitu wa Budongo, kule Masindi, na kuona mihogani yetu ilivyosimama, anaweza kukisia ukubwa wa mti mmoja na jasho la kuuangusha kwa shoka. Hakuna ushahidi kwamba Chippendale alilitafakari jambo hili, wala hatumsingizii wema asiokuwa nao. Alinunua mbao sokoni kama walivyonunua wenzake. Lakini amtajaye fundi bila kuwataja wale waliokata mti hajasimulia habari za kabati lote.

Sasa turudi kwenye madeni. Desturi ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa kwamba bwana hanunui kwa fedha taslimu. Bwana huagiza, fundi hutengeneza, huleta, huandika ankara, na bwana hulipa baada ya mwaka, miaka miwili, au apendapo. Kumdai kwa ukali kulikuwa ni utovu wa adabu, na fundi mtovu wa adabu hapati kazi kwa bwana mwingine. Lakini wafanyakazi wa karakana walitaka mshahara wao kila juma, na mwenye mbao naye alitaka chake. Hivyo kila kabati lililotoka St Martin's Lane lilikuwa mkopo ambao seremala alimkopesha tajiri.

Pigo la kwanza lilikuja mapema mwaka 1766, Bw. Rannie alipofariki. Warithi wake walitaka mtaji wa marehemu, na Chippendale, asiye na akiba ya kutosha, alilazimika kuuza kwa mnada sehemu ya bidhaa zilizokuwa katika karakana. Baada ya miaka mitano alipata mshirika mwingine, Bw. Thomas Haig, aliyekuwa mweka hesabu wa marehemu Rannie, naye ndiye aliyeshika daftari tangu hapo.

Katika miaka ile ile alikuwa akimfanyia kazi Sir Rowland Winn wa jumba la Nostell, tena huko Yorkshire. Barua zao zimehifadhiwa, na kuzisoma ni kama kusikiliza ugomvi wa watu wawili wanaohitajiana. Bwana alilalamika kwamba kazi zachelewa, akamkemea fundi kwa maneno ya kudhalilisha. Fundi alijibu kwa unyenyekevu, akaomba radhi, akaahidi, kisha akaeleza kwamba hana fedha za kuwalipa watu wake na akaomba apelekewe chochote. Yaonekana kila mmoja alikuwa na haki kwa sehemu. Chippendale alipokea kazi nyingi kuliko uwezo wake, na Winn alitaka vitu vya kifalme kwa malipo ya kuahirisha. Katika ankara za Nostell, pamoja na meza nzuri ya maktaba, mmeandikwa pia gogo zito la kukatia nyama jikoni. Mimi binafsi napenda sana habari ya gogo lile, maana laonyesha kwamba bingwa huyu hakuchagua kazi. Aliombwa kabati akatengeneza kabati, aliombwa gogo akaleta gogo, na hata shughuli za mazishi ya wakubwa kampuni yake ilizipokea.

Wasomaji wetu wa polisi watapenda kujua kwamba aliwahi kuingia mikononi mwa serikali. Mwaka 1769 aliingiza kutoka Ufaransa mifupa ya viti 60 isiyomalizika, akaiandikisha forodhani kwa thamani ndogo mno ili ushuru upungue. Maofisa wa forodha hawakudanganyika, wakaikamata shehena yote. Hatuwezi kumtetea kwa hilo. Dhiki yaweza kueleza kosa lakini haiondoi kosa, na maofisa wale walifanya wajibu wao.

Mkewe Catherine alifariki mwaka 1772. Mwaka 1777, akiwa na umri wa miaka 59, Chippendale alioa tena, akamchukua Bibi Elizabeth Davis, naye akamzalia watoto watatu. Wakati huo alikuwa amekwisha kumwachia kazi mwanawe mkubwa, aliyeitwa Thomas kama baba yake. Ugonjwa wa kifua kikuu ulimdhoofisha, akafariki mwezi Novemba mwaka 1779, akazikwa tarehe 16 ya mwezi huo katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, karibu na mtaa alioufanya kuwa mashuhuri. Mwana huyo alikuwa fundi stadi na mchoraji kuliko hata baba yake, aliendelea kuwatumikia Harewood na Nostell, na aliendelea kudai. Mwaka 1804 alifilisika, na mali ya karakana ikanadiwa.

Baada ya hapo jina lilibaki, lakini vitu vyenyewe vilipotelea katika wingi wa vitu vya kuiga. Sababu yake ni kwamba mjini Paris, sheria ya chama cha mafundi iliwataka maseremala kugonga muhuri wa jina juu ya kazi zao, lakini London haikuwa na sheria hiyo, na Chippendale hakuweka alama. Kwa hiyo, mtu aletapo kabati na kusema ni la Chippendale, hushughulikiwa kama mpelelezi anavyoshughulikia mali isiyo na mwenyewe. Hutafutwa ankara. Hutafutwa barua ya msimamizi wa jumba, daftari la matumizi, orodha ya vitu iliyoandikwa bwana alipofariki. Kisha kitu chenyewe hukaguliwa. Droo huvutwa na kupinduliwa, kwa kuwa fundi wa uongo hupamba mbele na kusahau chini. Bale za njumu hupimwa, maana zilizopasuliwa kwa mkono huwa nene, na zilizokatwa kwa mashine huwa nyembamba na sawasawa mno. Njia ya droo huangaliwa ilivyolika, kwani miaka mia mbili ya kuvuta na kusukuma huacha alama ambayo msasa wa mlaghai haukawii kujulikana. Ushahidi mmoja hautoshi, nao hukusanywa mpaka ukubaliane. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa bidii kuliko wengine ni Bw. Christopher Gilbert wa Leeds, ambaye mwaka 1978 alichapisha vitabu viwili vikubwa juu ya maisha na kazi za Chippendale, akapambanua kwa nyaraka kipi ni chake na kipi kinasemwa tu kuwa ni chake.

Na nyaraka alizozitegemea, kwa sehemu kubwa, ni zile zile barua na ankara za madai. Kama mabwana wangalilipa papo kwa hapo, fedha mkononi, makaratasi mengi yasingaliandikwa, na leo tusingaliweza kuthibitisha ni mikono ya nani iliyofanya kazi ile. Jina la William Reid limesalia kwa njia iyo hiyo. Wale mafundi 22 wenye makasha yaliyoungua, hata gazeti halikuwataja majina.

Mwaka 1965 meza ya maktaba ya Harewood, iliyotiwa njumu kwa mtindo ule ule wa kale, ilitolewa mnadani London. Ilinunuliwa kwa gini 41,000, na gini moja ni pauni moja na shilingi moja ya zamani. Iliwekwa katika jumba la makumbusho la Temple Newsam, mjini Leeds, ambako yeyote aweza kuiona. Kabati la Diana na Minerva halijauzwa. Bado limo Harewood, katika jumba lile lile lililotengenezewa.